Sukari Iwekwe Mezani, Isitiwe Jikoni

Wiki iliyopita binti mgeni kazini, mzaliwa wa Afrika Mashariki kama mimi, alipewa zamu ya kuandaa chai ya asubuhi katika nyumba ya wazee ninamofanya kazi hapa Leicester, Uingereza, na kwa moyo mweupe kabisa akafanya kama alivyofundishwa na mama yake: akachemsha birika zima, akatia sukari humohumo, akakoroga, akaonja, kisha akalipakia kwenye kitoroli. Msimamizi wetu alipogundua hakumfokea. Alilimwaga birika lote kwenye sinki, akamweleza taratibu kwamba kati ya wazee 22 tunaowahudumia, 7 wana kisukari, na kwamba hapa kila mzee huulizwa habari ya sukari kwenye kikombe chake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Kilichoniuma kwanza ni chai ile kumwagwa, maana nimelelewa Kizota, Dodoma, na kwetu chakula hakimwagwi, lakini nilipokuwa nasukuma kitoroli kingine na kuuliza mlango kwa mlango, "Unatumia sukari? Vijiko vingapi?", nikajikuta natafuta kumbukumbu ya mtu yeyote wa nyumbani aliyewahi kuniuliza swali hilo sebuleni kwake, nami sikuipata.

Kwetu sukari hutiwa jikoni. Chai inapofika sebuleni ndani ya chupa, uamuzi umekwisha kufanywa na aliyesimama jikoni, na uamuzi huo ni mmoja kwa mtoto wa miaka sita, kijana anayetoka kufyatua tofali, na bibi wa miaka themanini ambaye shughuli yake ya siku nzima ni kutoka kitandani hadi mkekani. Nilipokwenda likizo Desemba ya mwaka juzi nilikaa jikoni kwa mama nikahesabu, bila kusema neno. Katika sufuria ya lita tatu aliweka vijiko 12 vikubwa vya mezani, navyo havikuwa vya kusawazishwa. Sufuria ile hutoa vikombe kama 12, kwa hiyo kila kikombe kilibeba kijiko kikubwa kimoja, yaani gramu 12 au zaidi, ambazo ni sawa na vijiko vitatu vya chai. Mama hunywa vikombe viwili asubuhi na kimoja jioni. Kabla hajagusa andazi wala kipande cha kiazi, alikuwa ameshapita gramu 30 za sukari ya kuongezwa, ambacho ndicho kiwango cha juu ambacho wataalamu wa afya wa Uingereza wanamshauri mtu mzima asikizidi kwa siku nzima.

Nahesabu hivi kwa sababu na mimi nilihesabiwa. Huku England mtu mwenye umri wa kati ya miaka 40 na 74 asiye na maradhi ya muda mrefu yanayojulikana huitwa kupimwa afya kila baada ya miaka mitano, na barua yangu ilinikuta nikiwa na miaka 54, siumwi popote, nimenawiri kwa lugha ya nyumbani, na kila niliyemtumia picha ananiambia Ulaya imenikubali. Walinitoa damu wakapima wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Namba yangu ilikuwa 44. Kwa kipimo chao, kuanzia 42 hadi 47 mtu yuko mpakani, na kuanzia 48 huo ni ugonjwa wenyewe. Muuguzi hakuanza na dawa. Aliniuliza nakunywa chai vikombe vingapi na kila kimoja kina vijiko vingapi, nami kwa mara ya kwanza maishani nikalazimika kusema kwa sauti: vikombe vinne, vijiko vitatu vitatu. Alinionyesha kwamba hivyo ni vijiko 12 kwa siku ambavyo sishibi navyo wala sivikumbuki, akaniambia tuanzie hapo.

Najua yatakayosemwa, kwa sababu nimeshaambiwa ana kwa ana. "Amekaa Ulaya miaka kumi na mmoja, sasa hata chai ya mama yake anaitia kasoro." Sijaitia kasoro. Chai ya mama yangu, yenye tangawizi na maziwa ya ng'ombe wa jirani, haina mfano katika mji huu ninaoishi, na ningekuwa na uwezo ningeinywa kila siku hadi nizikwe. Ninachokizungumzia ni kijiko kimoja na mahali pake: kikae kwenye kopo, kopo likae mezani, na kila mtu ajitilie. Hakuna mila ya Kigogo inayovunjika hapo. Sukari yenyewe ilitukuta tukiwa na mila zetu zimekamilika.

Mwingine ataniuliza mbona hao Wazungu wangu nao wanaugua kisukari. Ni kweli, Uingereza ina zaidi ya watu milioni 4 wanaoishi na ugonjwa huu, na sisi wenye asili ya Afrika na wenzetu wenye asili ya Asia unatupata mapema zaidi na tukiwa na uzito mdogo kuliko wao. Namba yangu ya 44 niliipatia hapahapa, kwa chai yangu ya kikwetu na kwa biskuti za zamu ya usiku. Basi sisemi kwamba huku ndiko kwenye afya. Nasema kwamba huku niliulizwa, na kule hatuulizani.

Wapo pia watakaonikumbusha babu zetu walioishi miaka tisini wakinywa chai hiyohiyo. Hapana, hawakuinywa hiyohiyo. Babu yangu aliamka akatembea kwa miguu hadi shambani, akalima kwa jembe la mkono, akala ugali wa uwele na mlenda na kunde, na sukari kwake ilikuwa kitu cha kununuliwa kwa kipimo siku ya mgeni. Utafiti uliofanywa vijijini Tanzania miaka ya 1980 ulikuta kisukari kwa takriban mtu 1 tu katika kila 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban 9 katika kila 100. Damu yetu haikubadilika katika miaka hiyo michache. Tulibadilisha uwele kwa sembe, miguu kwa bodaboda, na tukaruhusu siku ya mgeni iwe kila siku. Inaniuma zaidi kwa sababu chakula ambacho wataalamu wa huku walinishauri nikitafute, nafaka isiyokobolewa, jamii ya kunde na mboga za majani, ndicho nilichokiacha Dodoma, na ndicho ambacho ndugu zangu mjini sasa wanakiita chakula cha shida.

Naelewa vizuri kwamba kijiko cha chai si chanzo pekee cha ugonjwa huu. Urithi upo, unene wa tumbo upo, wali na sembe navyo hugeuka sukari mwilini, na umri peke yake una sehemu yake: misuli ndiyo ghala kubwa ambamo mwili huingiza sukari baada ya mlo, na kadiri tunavyozeeka na kukaa, ghala hilo hupungua, mafuta ya tumboni huifanya insulini, homoni inayoingiza sukari ghalani humo, isisikike, na kongosho huchoka kwa kujaribu kuitengeneza nyingi zaidi. Lakini ubaya huo huo wa uzee una upande wa kutia moyo ambao sijausikia ukisemwa nyumbani. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa mpakani waliosaidiwa kupunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58, na wale wenye umri wa miaka 60 na zaidi ndio waliofaidika kuliko wote, kwa asilimia 71. Wazee ndio walioongoza! Mimi nilipunguza kilo 5, nikaacha basi nikawa natembea kwenda kazini, nikaacha sukari ya chai, na baada ya mwaka mmoja namba yangu ilikuwa 40. Nilipokwenda likizo nikatembea kwa miguu kutoka Kizota hadi soko la Majengo, watu watatu walisimama kuniuliza kama nimekosa nauli.

Baba yangu mdogo hakuulizwa chochote. Alikuwa dereva wa lori, akastaafu, akaanza kuamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, akawa na kiu isiyokatika, na kila aliyemweleza alimwambia ni uzee. Kiu ile aliikata kwa soda, kwa sababu soda ilikuwa baridi na ilikuwa karibu. Siku ya harusi ya mjukuu alivaa viatu vipya, vikamchubua kidole kidogo cha mguu wa kulia, wala hakusikia maumivu, kwa sababu nyayo zilikuwa zimeshakufa ganzi kwa kisukari bila yeye kujua. Niliona picha ya kile kidole kwenye simu wiki tatu baadaye, cheusi kama zabibu kavu, na nikajua kabla hawajanipigia. Kipimo cha kwanza cha sukari katika maisha yake alikifanyiwa siku aliyopelekwa hospitali na kidonda kile, na mguu ulikatwa chini ya goti. Simlaumu daktari wala muuguzi yeyote, walifanya walichoweza kwa mgonjwa waliyeletewa. Tone moja la damu ya kidoleni, jambo la dakika moja, lingefanywa miaka miwili kabla, angekuwa anatembea leo. Hapa kazini tunawavua wazee wetu soksi kila jioni tukazitazama nyayo zao, katikati ya vidole, kisiginoni, na kila nikifanya hivyo namkumbuka yeye.

Atakayeniambia sukari ya Tanzania ni ghali na watu wanaitia kidogo, basi ajikumbushe mwanzoni mwa 2024 ilipoadimika na bei ya kilo ikapaa. Nyumbani kwetu mama alipunguza vijiko kutoka 12 hadi 5 kwa sababu ya mfuko wake, si kwa ushauri wangu. Wajukuu walilalamika wiki ya kwanza kwamba chai imekuwa maji. Wiki ya tatu hakuna aliyesema kitu, ulimi ulikuwa umeshazoea. Kisha bei ikashuka, na vijiko 12 vikarudi sufuriani siku ileile. Nilipoambiwa kwa simu, nilikaa kitandani nikalia, kwa sababu tulikuwa tumeshafika na tukageuza njia wenyewe.

Namwomba pia asomaye asikimbilie kumnyang'anya mzee wake kila kitu kitamu, hasa mzee aliyekwisha kuanza dawa. Insulini na baadhi ya vidonge vinaweza kuishusha sukari kupita kiasi, mzee akatetemeka, akatokwa jasho jembamba, akaongea maneno yasiyoeleweka, na hapo anahitaji kitu chenye sukari haraka, nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida, kisha chakula. Wazee wetu hapa wana juisi karibu na kitanda kwa ajili hiyo. Kuuliza sukari ni pamoja na kujua nani anaihitaji saa hii.

Na nisionekane nimeuficha upande wa pili: wazee ninaowatilia chai hapa wanaulizwa vizuri sana kuhusu sukari, lakini kuna bibi wa chumba cha mwisho ambaye mwanawe huja mara moja kwa miezi mitatu, na kikombe chake kisicho na sukari hukinywa peke yake akitazama dirisha. Mama yangu hajawahi kunywa chai peke yake tangu nimjue. Hilo sitaki libadilike kamwe, na kwa ajili hiyo hasa nataka wanywaji wa chai ile wadumu.

Desemba iliyopita nilirudi, na kabla ya kusema lolote nilimwomba mama anijaribie kuweka sukari mezani kwa mwezi mmoja tu. Akanitazama, akasema, "Haya mwanangu, nitafanya kwa ajili yako, lakini wageni wakinisema nitakutaja wewe." Nikakubali kutajwa. Jioni ya siku ya pili akaja jirani wa nyumba ya tatu pamoja na mumewe, mstaafu anayehudhuria kliniki ya kisukari kwa miaka tisa sasa. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba, mama akamimina chai, akasogeza kopo la sukari na kijiko katikati ya meza, akauliza kwa aibu kidogo, "Nikutilieni vijiko vingapi?" Jirani alishangaa, akauliza kama sukari imeadimika tena, kisha akajitilia vitatu na kukoroga. Mumewe alikitazama kikombe chake muda mrefu. Akasema yeye atainywa hivyohivyo, akapiga funda, akamgeukia mama: "Dada, miaka tisa nakunywa sukari kwenye nyumba za watu kwa kuona haya kukataa." Alikunywa vikombe viwili.