Hatua 42 za Mteremko

Kutoka kwenye kiti nilichokalia sebuleni kwa baba mkwe wangu hadi mlango wa choo chake ni hatua 42. Nilizihesabu mara 4 kwa asubuhi moja, siku wazee wangu walipokwenda kupanga mahari Usangi, huko milimani Upareni. Kwenda ni mteremko, namshukuru Mungu. Kurudi ni mlima, na huko juu kuna wazee 9 wanakutazama unavyopandisha, wanakupima tabia.

Kwanza mlijue tumbo lenyewe, maana msipolijua mtasema ni makande tu.

Mimi ni Mzigua wa Handeni, na tumbo hili ninalo tangu utoto. Darasa la saba, asubuhi ya mtihani wa hisabati, nilifika shuleni wa kwanza na kuingia chumba cha mtihani wa mwisho. Kidato cha nne hivyo hivyo. Kwenye usaili wa kazi yangu ya kwanza waliniambia, "Tueleze habari zako kwa ufupi," nami nikajibu, "Samahani, choo kiko wapi?" Kazi niliipata. Nadhani ni kwa sababu nilieleza kwa ufupi kweli. Magazeti ya michezo yakiandika kwamba timu fulani ina matumbo joto kuelekea mechi ya watani, watu huona ni mbwembwe za mwandishi. Mimi huwa nawahurumia wachezaji kwa dhati kabisa.

Zahanati zote nilizopita nilipimwa damu nikaambiwa taifodi. Kama si taifodi, amiba. Nimemeza Flagyl mpaka ile ladha yake ya chuma nikaizoea kama chumvi. Shangazi yangu, ambaye haamini zahanati, aliamua kwamba ni chango, akanichemshia mshubiri. Sasa mshubiri, kwa msioujua, wenyewe ni dawa ya kuendesha. Kumpa mtu wa tumbo langu ni kumsukuma mwenye baiskeli isiyo na breki akiwa tayari anateremka. Usiku ule sikulala, nilikesha msalani. Asubuhi Shangazi akaniangalia macho yalivyoingia ndani, akasema, "Unaona? Uchafu umetoka."

Miezi 3 kabla ya safari ya Upareni ndipo nikaangukia kwa daktari mmoja mama wa makamo, Dar es Salaam, ambaye hakukimbilia kalamu. Aliuliza kama choo kina damu, kama nimekonda, kama tumbo huniamsha usiku. Hapana, hapana, hapana. Akauliza, "Na ukiwa na jambo linalokutia hofu?" Nikacheka peke yangu mpaka akatabasamu. Akafungua droo, akatoa karatasi yenye michoro 7 ya... basi, ya kile kinachobaki chooni. Akasema iliandaliwa na madaktari wa Bristol, Uingereza, ikachapishwa mwaka 1997. Ya kwanza ni vidonge vigumu kama mavi ya mbuzi, ya 7 ni maji matupu. "Chagua yako." Nikaikodolea macho kama mtu anayechagua kitambaa cha suti. Nikaonesha ya 6. Halafu nikaona haya kumficha daktari, nikashuka na kidole hadi ya 7.

Akaniambia hiyo inaitwa IBS, yaani utumbo unaochokozeka upesi. Utumbo hauna kidonda wala mdudu, na ndiyo maana hakuna kipimo kinachoonesha kitu. Ugomvi uko kwenye mazungumzo kati ya ubongo na tumbo. Kumbe utumbo una neva zake wenyewe, chembe zaidi ya milioni 100, zinazoweza kupanga kazi bila kuomba ruhusa kichwani. Ukiingiwa na hofu, ubongo unamwaga homoni, tumbo la juu linapunguza kasi, utumbo mpana unaongeza.

"Kwa hiyo, daktari, cha juu kinagoma kushuka na cha chini kinagoma kukaa?"

"Umeelewa kuliko wanafunzi wangu," akasema.

Akanipa vidonge vya loperamide, vya kufunga kuharisha, vya siku maalumu, akanifundisha kupumua kwa tumbo taratibu, akanikataza vitu 2: maharage na vitunguu. Nikatoka pale nimepona nusu, kwa kujua tu kwamba sina taifodi ya maisha.

Safari siiongelei sana. Basi kutoka Mbezi hadi Mwanga ni siku nzima, na kondakta alisimamisha watu wakachimbe dawa mara moja tu, porini kabla ya Segera. Wenzangu walichimba dawa. Mimi nilifungua kiwanda. Mjomba wangu alipiga honi ya mdomo kuniita, abiria wote wakanisubiri, nikapanda kichwa chini kama mwizi wa kuku.

Tulilala gesti. Saa 2 usiku likaja bakuli kutoka kwa mama mkwe mtarajiwa, limefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa. Mjomba akafunua. Makande. Nani amefika Upareni asikute makande? Mahindi laini, maharage yamenona, vitunguu vimekatwa bila ubahili wowote. Vitu 2 alivyokataza daktari, vyote 2 vilikuwa vinanitazama kwenye bakuli moja.

"Mjomba, mimi nitakunywa chai tu."

"Utakula," akasema Mjomba. "Bakuli likirudi na chakula, kesho tutaulizwa kama tumekuja kuoa au kukagua mapishi."

Nilikula sahani 2.

Asubuhi nilivaa suruali ya kijivu, vidonge vyangu mfukoni. Shangazi akaikataa. Akasema ina mkunjo, nitaonekana mtu asiye na mke. Nikamwambia, Shangazi, si ndicho tulichokuja kutafuta? Hakucheka. Nikabadili, nikavaa nyeusi. Vidonge vikabaki gesti kwenye suruali ya kijivu, vimetulia, vinanisubiri.

Kwa taratibu tulizoelezwa, muoaji hasemi kitu. Anakaa, anainamisha macho, anaongelewa kama kiwanja. Upande wao walikuwa wazee 9 na katibu mwenye daftari. Upande wetu Mjomba, Shangazi, mshenga na mimi. Tukaanza kwa kutozwa faini ya kuchelewa dakika 20. Mshenga akalipa, akaanza maneno yake ya ua zuri lililoonekana kwenye boma hili, na mimi nikaanza kusikia kitu kinageuka chini ya mbavu, polepole, kama lori linalotafuta nafasi ya kuegesha.

"Ng'ombe 6," akasema baba mkubwa wa binti.

Lori likaegesha.

Nilisimama. Sikusema kitu, kwa sababu hairuhusiwi kusema, na kwa sababu kama ningefungua mdomo ningelegeza na kwingine. Nikatoka. Hatua 10 za kwanza za heshima, zilizobaki za kukimbia.

Choo chenyewe ni cha shimo, kisafi, kimesakafiwa, kimezungukwa na mabati. Mwenye kujua bati anajua: bati halitunzi siri. Nje kulikuwa na migomba na kuku. Nikakohoa kufunika sauti. Kuku wakakimbia. Nikakohoa tena. Nikiwa nimechuchumaa hapo nikakumbuka mafunzo ya daktari: vuta pumzi ndefu, ijaze tumboni, itoe taratibu. Ushauri mzuri sana, ila hakusema uvutie wapi. Nilivuta moja tu.

Niliporudi, sebule ilikuwa kimya. Wazee wakateta kwa Kipare. Baba mkubwa akasafisha koo. "Tumeonelea ng'ombe 5." Mshenga wetu akatazama chini akaguna, mguno wa mtu aliyebeba mzigo. Mimi sikujua kilichotokea. Nilijua tu kwamba lori limewasha injini tena.

"Sasa, mbuzi wa wajomba. Mbuzi 4."

Nikasimama.

Kuku safari hii waliniona nikija wakaondoka wenyewe. Niliporudi, nikipumua kwa kupandisha mlima, na kijasho kwenye paji la uso, mzee mmoja alinikazia macho akamwambia katibu, "Andika 3." Shangazi alikuwa ananitazama kama haamini kwamba ni mimi niliyekuwa nalilia mshubiri wake usiwe mchungu.

Wakaingia kwenye blanketi la babu, shuka la bibi na mkaja wa mama. Jumla yake, kwa fedha, shilingi 800,000. Wala sikusubiri herufi ya mwisho.

Nikiwa chooni mara ya 3, simu ikatetema. Mchumba wangu. Siku hiyo yeye alikuwa amefichwa jikoni na wanawake, kama taratibu zinavyotaka.

"Mbona unapita dirishani kila saa? Huku wanasema umekasirika, hutaki kutajiwa bei."

Nikajibu kwa kidole kimoja, mkono mwingine nimeshika bati. "Ni tumbo."

Kimya. Halafu: "Usimwambie mtu. Wanashusha."

Naapa, palepale nilisikia tumbo limetulia. Sikunywa kitu, sikuvuta pumzi yoyote ya daktari. Lile neno moja tu, wanashusha, na ile timu ya chembe milioni 100 ikakunja jamvi ikaenda kulala. Nilipandisha mlima nikiwa mtu mpya. Nilipofika, mkaja na mablanketi yalikuwa yameshuka hadi 500,000, na mshenga alikuwa anafuta miwani ili watu wasione anavyocheka.

Hapo ndipo tatizo likaanza. Wakafika kwenye thamani ya ng'ombe, kila mmoja shilingi ngapi, na hiyo ndiyo yenye uzito kuliko yote. Baba mkubwa akataja 700,000. Kila mtu akanigeukia. Mjomba akanitazama. Mshenga akanitazama. Nami nimekaa, tumbo linatiririka amani kama mto wa kiangazi. Mjomba akanikanyaga kidole cha mguu.

"Hujisikii?" akanong'ona.

"Sijisikii, Mjomba."

"Jisikie."

Basi nikasimama. Nikajaribu kukunja uso. Nikatoka kwa hatua za mtu mwenye msimamo, taratibu, kifua mbele, mikono nyuma. Nikafika chooni nikasimama tu ndani, nasoma maandishi ya kiwanda kwenye bati. Nikahesabu hadi 100. Nikatoka.

Mlangoni alikuwa amesimama Bibi, mama yake baba mkwe, na kikombe cha chai ya rangi yenye tangawizi, inafuka moshi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kunywa." Nikanywa. Akanitazama mpaka tone la mwisho. "Mara 3 za kwanza, mjukuu wangu, ulikuja unakimbia umeshika mkanda. Mtu mwenye hasira hashiki mkanda. Sasa hivi umekuja unatembea kama mwenyekiti wa kijiji. Wakubwa wangu huko juu hawaoni, wako kwenye hesabu. Mimi nimekaa mlango wa jikoni tangu asubuhi."

Nikakosa la kusema.

"Babu yako alikuwa hivi hivi," akasema, akipokea kikombe. "Siku ya posa yake aliingia migombani mpaka wakadhani amenikimbia. Na mpaka anazeeka, akiitwa barazani kwa kesi ya shamba, kwanza anapitia migombani."

Nilifurahi. Nikaona nimepata mtu. Nikapandisha mlima naye amenishika mkono, mimi nikidhani ananisaidia, kumbe ananipeleka. Alipofika mlangoni hakukaa. Akasimama katikati ya sebule, mdogo, kanga 2, akasema kwa Kiswahili ili na sisi tusikie:

"Huyu mtoto hana hasira. Anaharisha."

Sijui nieleze vipi ukimya ule. Shangazi alijifunika uso kwa mtandio. Mshenga akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa makubazi. Halafu baba mkwe, ambaye hakuwa ametamka neno tangu asubuhi, akatoa sauti ndogo puani, kama birika linaloanza kuchemka, na wote 9 wakafuata. Mzee mmoja alicheka mpaka kofia ikaanguka. Jikoni nako kukalipuka, na katikati ya vicheko vile nikaisikia sauti ya mchumba wangu, yule aliyeniambia nisimwambie mtu.

Katibu, mtu wa kazi, akauliza kama aanze kufuta. Baba mkubwa akapangusa machozi akasema neno likishatoka kwa mzee halirudi, ng'ombe watabaki 5, mkaja utabaki ulivyo, na thamani ya ng'ombe itajwe upya kijana akiwa amekaa. Ikawa 600,000. Lakini hatuwezi kuchezewa namna hii bila faini yoyote, akasema, sisi ni Wapare, tutaonekanaje? Arudi yule mbuzi mmoja tuliyempunguza.

"Nimwandike mbuzi wa nani?" akauliza katibu. "Wajomba wameshafungwa kwenye 3."

Wakatazamana. Bibi alikuwa ameshafika mlangoni anarudi jikoni na kikombe chake.

"Andika mbuzi wa choo," akasema.

Ameandikwa hivyo hadi leo, nimemwona kwa macho yangu, chini ya blanketi la babu. Ng'ombe wote nimemaliza. Huyo mbuzi bado nadaiwa, na katibu kila akinipigia simu kumkumbushia, kabla hajamaliza salamu najikuta nimeshashika mkanda.