Kalibu za Mzee Zimeuzwa kwa Kilo

Wiki iliyopita nilikwenda Kariobangi, Nairobi, kutafuta bushi za mbele, zile raba za kwenye viungo vya magurudumu, za Peugeot 504 ya marehemu baba. Fundi aliyekuwa akinitengenezea, tuliyemwita Mzee, alifariki mwezi wa tatu, na siku ya mazishi niliahidi kuja kuwajulia hali wanawe. Nilichelewa. Kalibu zake zote, yaani vyuma vya kuipa raba umbo la bushi, alizokereza mwenyewe kwa zaidi ya miaka 30, zilikuwa zimeshawekwa kwenye mizani ya chuma chakavu. Kijana wake alinieleza kwa upole, wala simlaumu: "Zilikuwa vyuma tu, mjomba. Hakuna aliyekuja kuziulizia."

Hakuna aliyekuja. Sisi tunaong'arisha kromu na kwenda kujipanga kwenye maonyesho ya magari Ngong Racecourse, hatukuja.

Wengi hudhani bushi ikiisha unampelekea fundi mwingine ile kuukuu, anaigeza, basi. Lakini bushi iliyotolewa kwenye gari imelika na kukandamizwa. Vipimo vyake vya awali havipo tena. Halafu raba husinyaa ikishaiva na kupoa, kwa hiyo kalibu hukatwa kubwa kidogo kuliko bushi inayotakiwa. Kubwa kiasi gani? Inategemea raba yenyewe, salfa na moto, na Mzee alikijua kiasi hicho baada ya kuharibu nyingi. Raba ikiwa ngumu mno, kila shimo la barabarani unalipokea mikononi kwenye usukani. Ikiwa laini mno, gari linayumba ukifunga breki. Elimu hiyo yote aliiweka ndani ya chuma. Hakuacha mchoro hata mmoja.

Na tulimlipaje? Tulimlipa bei ya bushi. Kukereza kalibu moja kulimchukua siku nne, iwe atatoa bushi 4 au 400. Kiwanda kikubwa huigawa gharama hiyo kwa maelfu ya wanunuzi. Yeye alikuwa na sisi wachache, na kila mmoja alifika akiomba apunguziwe. Mimi mwenyewe nilibishana naye kwa shilingi 300, nikamwambia za kutoka nje ni nafuu. Nikazinunua hizo za nje. Hazikumaliza mwaka, nikarudi kwake, naye akanipokea bila neno. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Tunazungumzia gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na ambalo stesheni wagoni zake zilitusafirisha kwenda mashambani tukiwa tumepakatana. Mengi bado yanatembea. Yanatembea kwa sababu kuna mtu mmoja mahali fulani, kwenye kibanda cha mabati, anayejua kutengeneza kitu kimoja.

Mtaniambia kuhusu mashine za kuchapisha vipuri kwa kompyuta. Sawa, kwa vitasa na vifuniko vya plastiki zinafaa, na kalibu iliyopimwa vizuri leo inaweza kukatwa upya kesho. Ila iliyokwisha kuyeyushwa utaipima vipi?

Ninachoomba kinawezekana. Wenye 504, 404 na Land Rover za zamani tukusanye oda zetu pamoja, badala ya kila mtu kwenda na bushi mbili mfukoni. Kalibu ilipwe kando, kabla ya kazi kuanza. Vipimo viandikwe fundi akiwa hai, kwa ridhaa yake na kwa malipo. Na kijana anayejifunza kwake apate posho, maana hawezi kukaa miaka mitatu akijifunza kwa njaa. Wako mafundi wawili watatu ninaowajua waliobaki, na hakuna aliye na mwanafunzi.

Nilizunguka kwa wanunuzi wa vyuma siku mbili. Nimepata nusu ya chini ya kalibu moja, imegongwa kwa patasi "504 MBELE". Nusu ya juu bado. Ni ya duara, upana wake kama kisahani cha kikombe, na ina maandishi hayo hayo. Ukiiona kwenye lundo lolote Kariobangi au Gikomba, tafadhali inunue, nitakurudishia pesa yako.