Kioo Chenyewe Hakifunguki!

Hivi aliyebuni pikapu ya ekstra kebini alikuwa na ugomvi na nani? Singo kebini naielewa: dereva, mkeo na mtoto wa mapajani, wengine wote nyuma na viazi. Dabo kebini naielewa zaidi, ile ni gari ya mradi, ina milango minne na heshima zake. Sasa hii yangu imekaa katikati, haijulikani ni ya kazi au ya familia. Nyuma ya kiti cha dereva kuna kibenchi ambacho mtu mzima akikaa magoti yanasalimiana na kidevu, na pembeni, kushoto na kulia, wameweka vioo viwili ambavyo kwenye Hilux yangu havishuki, havisukumwi, havifunguki. Havina hata kitasa. Vipo tu. Tangu nianze kumiliki hii gari sijamsikia mtu akisema, "Asante dereva, kupitia hiki kioo nimeuona Mlima Loleza vizuri."

Basi subiri kivunjike.

Nilikuwa nimepaki Uyole, hapa hapa Mbeya, namsubiri mtu wa mbolea. Ng'ambo ya mtaro kuna kijana na ile mashine ya kufyekea, ya kuning'iniza begani, inayozungusha waya wa plastiki. Kavaa buti, kavaa miwani, kaziba masikio na earphone, anafyeka kwa raha zake. Nikasikia "pwa!" Nageuka, kioo changu cha nyuma upande wa kulia kimekuwa cheupe chote, nyufa tupu, lakini kimesimama. Nikasema Mungu mkubwa, kimepona hiki. Nikafungua mlango nikitazame kwa ndani. Kikamwagika chote.

Kioo cha mbele kina ustaarabu wake. Ni vioo viwili vimebandikwa na tabaka la plastiki katikati, kikipigwa jiwe kinachora ufa na unaweza kuzeeka nao mkielewana na trafiki. Cha pembeni wamekipasha moto kiwandani halafu wakakipoza ghafla, kwa hiyo kina hasira ndani. Unaweza kukigonga ngumi hata mchana kutwa kikakaa, halafu kijiwe kimoja chenye ncha kikigusa penyewe kinaachia chote kwa mkupuo, chumvi ya mawe tupu. Wataalamu wanasema ni kwa usalama, ili kisikukate. Kweli, hakikunikata. Ila kiliingia kwenye reli ya kiti, kwenye mdomo wa mkanda, kwenye buti la mvua la mke wangu na kwenye matundu ya feni. Mpaka leo nikiwasha feni naanza kwa kufumba macho.

Kijana alizima mashine, akavuka mtaro, akatoa earphone moja. Akatazama. "Dah, pole sana mzee. Hii barabara ina mawe mengi." Akarudisha earphone, akarudi kazini. Sasa nimdai nini, wakati mashine yenyewe ni ya kukodi?

Nikapiga simu bima. Mimi nina bima ndogo, hiyo hiyo ya watu wote tunaobeba viazi. Dada wa kule akanieleza kwa upole kwamba bima ndogo inamlipa mtu niliyemharibia mimi. Kumbe ingekuwa mimi ndiye nimevunja kioo cha mwingine, saa hizi mwenzangu angekuwa anashughulikiwa. Nikamuuliza, "Kwa hiyo dada yangu, miaka yote hiyo nalipia vioo vya wengine?" Akasema, "Ndiyo, baba. Una swali jingine?"

Tukaziba na nailoni. Hapa naomba nikae kidogo, maana watu wa mikoa ya joto mtadhani nailoni ni kitu kidogo. Mbeya mwezi wa 6 na wa 7 alfajiri inashuka chini ya nyuzi 10 na upepo wake una meno. Nilichukua nailoni nzito, ile ya watu wa vitalu vya nyanya, nikazungushia selotepu ya khaki pande zote mpaka rangi ya gari ikapotea. Ikakaa vizuri sana. Gari ikiwa imesimama. Ukishateremka kutoka Isyonje ukafika spidi 60, nailoni inaanza kuongea. Kwanza inanong'ona. Halafu inavimba kwenda nje, puuu, inarudi ndani, paaa, na aliyekaa kwenye kile kibenchi ndiye anayepokea kofi. Mama mkwe wangu alipigwa kofi na gari yangu kutoka Isyonje hadi Igawilo na hakusema neno hata moja. Tuliposhuka akamwambia binti yake, nami nasikia, "Mwambie mwenzio, mwaka huu nitapanda basi."

Na nani alikuambia nailoni ni siri ya mwenye gari? Ukisimama kwenye kituo cha mafuta: "Mzee, wamekuibia redio?" Ukisimama kununua ndizi: "Baba, ulipata ajali? Alikufa mtu?" Bodaboda wanapita wanaibonyeza kwa kidole waone inavyodunda. Trafiki naye akaniweka pembeni, akaizunguka gari taratibu mikono nyuma.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Kioo, afande."

"Hiki ni kioo?"

"Unaona upande wa pili, afande."

Akachungulia kweli. Akauona upande wa pili. Akaniandikia elfu 30.

Wateja ndio walinimaliza. Kuna mama mmoja nampakilia viazi kutoka Isyonje kuja soko la SIDO, lumbesa zake zina vichwa vitatu kila moja. Siku zote tunaelewana bei. Siku hiyo akaitazama nailoni, akaitazama tena. "Kaka yangu, kwa gari hii ya nailoni? Nipunguzie bwana, hata wewe mwenyewe unajionea." Nikamwambia, mama, viazi vinakaa nyuma, havikai kwenye kibenchi. Akasema, "Najua. Ila macho yanaona." Nikapunguza.

Ndipo nikaingia Mwanjelwa kutafuta kioo. Maduka ya spea yamejaa vioo vya Hilux, ukitaka vya dabo kebini unachagua. Nikisema ekstra kebini muuzaji ananitazama kwa huruma, anamwita mwenzake aliyeko stoo, "Oya, kuna mtu hapa anataka kioo cha ekstra!" na kule ndani nasikia mtu anacheka. Mmoja akaniambia niuze gari. Mwingine, anayekata vioo vya madirisha ya nyumba, akaleta futi yake akapima, akasema atanikatia cha milimita 5 kabla sijamaliza soda. Nikamwonyesha kwamba tundu la gari limepinda na kioo chake kimenyooka. "Hapo kati tutajaza silikoni." Tena kioo cha dirisha kikivunjika kinatoka mapanga, na nani atakaa pembeni ya mapanga kwa barabara zetu? Mama mkwe?

Mwisho nikampata fundi mmoja mwenye kioo cha Hilux ya toleo la nyuma kidogo. Tukakijaribisha. Kimezidi upana wa kidole, upande mmoja tu. Fundi akasema hilo si tatizo, anakipunguza. Mimi nikasema, fundi, hivi vioo si nasikia vikishachomwa kiwandani havikatwi tena? Akaniuliza, "Mzee, mimi na wewe nani fundi?" Akakilaza juu ya gunia, akavaa miwani ya jua, akawasha grainda. Watoto wa jirani wakasogea. Akaigusisha ile grainda kwenye ukingo kwa adabu kubwa, ncha tu, na kwa nusu sekunde niliona sura yake imeridhika. Halafu juu ya gunia hapakuwa na kioo. Palikuwa na punje tu, nyingine zinaruka ruka bado, na fundi ameshika grainda inayozunguka hewani.

Kimya. Akazima. Akavua miwani.

"Hiki kilikuwa kibovu," akasema.

Nikamwambia pole, nikageuka niondoke. Akaniita. "Mzee, sasa hasara hii tunagawanaje?"

Basi ikabidi Dar es Salaam. Nikapewa namba ya kijana mmoja wa spea za mtumba, anaongea haraka hujapata kuona.

"Kioo cha kulia au kushoto, bosi?"

"Kulia."

"Kulia ukiwa umekaa ndani au ukiwa unaitazama kwa mbele?"

"Upande wa dereva."

"Dereva wa wapi, bosi? Nyingine zinakuja usukani uko kushoto."

"Dereva wa Mbeya, mwanangu!"

"Sawa. Cheupe au cheusi? Nitumie picha ya maandishi ya pale konani."

Pale konani pamekuwa punje, ziko kwenye ndoo. Nikampigia picha ya kile cha upande wa pili, kilicho hai, mpaka maandishi yake madogo yanasomeka. Akajibu, "Bosi, hiki ni cha kushoto." Nikamwandikia ndiyo, cha kulia ni marehemu, huyu ni ndugu yake. Akatuma kicheko na namba ya kulipia.

Kikatumwa kwa basi. Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na usiku ule mimi nilizisafiri zote kitandani. Kwenye matuta ya Mikumi nilikuwepo. Kitonga niliipanda mwenyewe, kona kwa kona, nimekumbatia mto. Nikampigia konda. "Kaka, kioo changu kiko salama?" Akasema kiko buti, kimeandikwa. Kweli kilikuwa kimeandikwa, kwa maka peni nyekundu, herufi kubwa: KIOO USIWEKE MZIGO JUU. Nilipokipokea stendi asubuhi, juu yake kulikuwa na kiroba cha nazi. Kimejaa. Nikataka kuzimia. Tukafungua boksi pale pale chini, abiria wananitazama, nikatoa blanketi, nikatoa kipande cha godoro, na kioo kikatoka kizima, hakina hata mkwaruzo. Mwenye nazi akasema, "Unaona? Nazi zimekikandamiza kisirukeruke."

Fundi vioo wa Mafiati huyu sina la kumsema. Alipitisha waya mwembamba akakata gundi ya zamani pembeni yote, akaisawazisha kwa kisu akabakiza utando mwembamba, akafuta kwa spiriti, akapaka dawa nyeusi, akaburuta gundi mpya kwa mkono usiotetemeka. Akakiinua kioo kwa vile vishikio vya mpira vinavyonyonya, akakiweka mara moja, hakurudia. Akabandika selotepu kukishikilia. Nikamlipa, nikamshukuru, na hapo ndipo akaanza masharti.

Usioshe gari. Usipite makorongo. Gundi hii kwa baridi ya Mbeya inachelewa kushika, kwa hiyo mpe muda. Usipige mlango, maana kebini ikiwa imefungwa ule upepo unakisukuma kioo kutokea ndani. Na kioo cha dereva kiache wazi kidogo muda wote, upepo upate pa kutokea.

"Fundi, muda wote?"

"Muda wote."

"Na usiku?"

"Usiku ndiyo baridi yenyewe, mzee. Acha wazi."

Yaani nimehangaika mji mzima mpaka Dar nipate kioo ili nisipigwe baridi, na kioo kimekuja na sharti la kupigwa baridi. Tofauti ni kwamba zamani ilimpiga wa nyuma, sasa inanipiga mimi dereva, sikio la kulia.

Na kumzuia mtu wa kwetu asipige mlango wa pikapu, jaribu uone. Wameshalelewa hivyo, mlango usiposikika mpaka nyumba ya tatu kwao haujafungwa. Nikaona isiwe tabu, nikawa nashuka mwenyewe, nazunguka, namfungulia abiria, nafunga taratibu kwa viganja viwili. Mzee mmoja wa kutoka Tukuyu nilimshusha Igawilo kwa heshima hiyo, akanishika mkono kwa muda mrefu, akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, mwanangu. Wewe umelelewa." Mke wangu naye alifunguliwa mlango kwa mara ya kwanza tangu harusi. Akakaa kimya hadi nyumbani. Usiku akaniuliza kuna nini ninachomficha.

Masharti yakaisha, selotepu nikabandua, mvua ya kwanza ikapiga na hakikuvuja hata tone. Kioo kipya kiko wazi kabisa wakati vingine vyote vina tinti, kwa hiyo gari inaonekana imefumbua jicho moja, lakini hilo sisemi. Nikapanda Isyonje kufuata viazi. Yule mama akaja na lumbesa zake, akasimama, akaizunguka gari taratibu. Akakigonga kioo kwa ukucha.

"Hee, kaka! Kioo kipya! Mambo yako mazuri siku hizi. Sasa si unipunguzie, wewe si una hela?"

Nikashusha pumzi. Nikamwuliza, mama yangu, ya nailoni ulitaka nipunguze, ya kioo unataka nipunguze, nije na gari ya namna gani ndipo unilipe bei ya kawaida?

Hakujibu haraka. Aliitazama pikapu kuanzia taa hadi tela, akazitazama lumbesa zake, akapiga hesabu za moyoni.

"Fuso," akasema.