Petro na Paulo kule Antiokia: Je, Maandiko ya Baadaye Yaliufunika Ugomvi Wao?

Katika sura ya pili ya Waraka kwa Wagalatia, Paulo anasimulia kisa ambacho kimewasumbua Wakristo tangu karne za mwanzo. Kefa, yaani Petro, alifika Antiokia akawa anakula pamoja na waamini wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi. Walipokuja watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akaanza kujitenga kwa kuwaogopa waliotahiriwa, na Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba, mwenzake Paulo katika huduma. Paulo anasema alishindana naye uso kwa uso, mbele ya watu wote. Ukitoka hapo ukaingia katika Matendo ya Mitume, kitabu ambacho wataalamu wengi wanakiona kuwa kiliandikwa miaka mingi baada ya waraka huo, kisa hicho hukikuti. Katika sura ya 15 unamkuta Petro akisimama Yerusalemu kutetea jambo lile lile alilolitetea Paulo, kwamba waamini wa Mataifa wasilazimishwe kutahiriwa, na baada ya sura hiyo jina lake halitajwi tena hadi mwisho wa kitabu chenye sura 28.

Ukimya huo umesomwa kwa namna mbili zinazopingana. Mwaka 1831 F. C. Baur, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Tübingen nchini Ujerumani, alitoa hoja kwamba Kanisa la kwanza liligawanyika kati ya kundi la Petro na kundi la Paulo. Na katika kazi zake zilizofuata aliyaona Matendo kuwa ni kitabu cha upatanisho, kilichoandikwa baadaye ili kuwafanya mitume hao wawili wafanane. Kwa mtazamo huo, maandiko ya baadaye yaliufunika ugomvi. Upande wa pili, ulio wa zamani zaidi, unasema kwamba hapakuwa na ugomvi wa kweli wa kufunikwa. Klementi wa Aleksandria, kama Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa la kale, anavyoripoti, alidai kwamba Kefa huyu ni mtu mwingine, mmoja wa wale wanafunzi sabini. Yeronimo naye, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, akiwafuata Origene na walimu wengine wa kale, alisema kwamba mitume wale walikubaliana kuonyesha mashindano ya nje tu ili kuwafundisha watu, kwa sababu Porfirio, adui wa Ukristo, alikuwa amekitumia kisa hicho kuwadharau wote wawili.

Aliyempinga Yeronimo kwa nguvu ni Mwafrika, Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria. Katika barua walizoandikiana, Augustino alishikilia kwamba tukikubali kuwa Paulo aliandika jambo lisilo la kweli, hata kwa nia njema, basi hakuna mstari wa Maandiko utakaobaki salama. Nakubaliana naye kabisa. Paulo, katika waraka huo huo, anasema mbele za Mungu kwamba hasemi uongo. Hatuwezi kumfanya mwigizaji sura moja baadaye kwa ajili ya kuilinda heshima ya Petro.

Hata hivyo, kuukubali ugomvi si sawa na kukubali kwamba Petro hakuwa na hoja. Kabla ya tukio hilo, Yakobo, Kefa na Yohana walikuwa wamempa Paulo na Barnaba mkono wa kuume wa shirika, wakapatana kwamba Paulo na Barnaba waende kwa Mataifa, na wao watatu waende kwa waliotahiriwa. Huduma ya Petro ilikuwa kwa Wayahudi, na habari kwamba anakula na wasiotahiriwa ingeweza kumfungia milango mingi huko Uyahudi. Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho kwamba kwa Wayahudi alikuwa kama Myahudi, na Matendo 16 inasema alimtahiri Timotheo, mwenzake wa safari, kwa sababu ya Wayahudi wa pande zile. Petro angeweza kumuuliza: kuna tofauti gani? Jibu la Petro halikuandikwa. Paulo hasemi kwamba Petro alikiri kosa, na wasomaji wengi wa leo wanahisi kwamba kama angelikiri, Paulo asingeliacha kulitaja. Mimi pia nahisi hivyo.

Ila tofauti ipo, nayo iko mezani. Sura ya 11 ya Wakorintho wa Kwanza inaonyesha kwamba Chakula cha Bwana huko Korintho kiliambatana na mlo wenyewe. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa Antiokia pia, kujitenga wakati wa kula kulikuwa kujitenga katika ibada. Timotheo alitahiriwa ili mlango ufunguke, ilhali kujitenga kwa Petro kuliwafungia mlango watu waliokwisha kuingia. Katika hili Paulo alikuwa na haki, na uzito wa hoja yake haupungui hata kama siku ile alibaki peke yake.

Nikirudi kwenye Matendo, naona kwamba Baur aliona jambo la kweli lakini alilivuta mno. Luka, anayehesabiwa kuwa mwandishi wa Matendo, alichagua kuliacha tukio la Antiokia, hilo halina shaka kwangu kama alilijua. Lakini mwandishi mwenye nia ya kuficha kila mafarakano asingeandika, mwishoni mwa sura ile ile ya 15, kwamba Paulo na Barnaba walishindana hata wakatengana kwa sababu ya Yohana Marko. Tena maneno anayoyaweka kinywani mwa Petro si maneno matamu ya kuwapoza watu. Petro anauliza kwa nini mnaweka kongwa juu ya shingo za wanafunzi. Na kongwa ndilo neno ambalo Paulo naye analitumia katika Wagalatia 5 anapowaonya wasinaswe tena chini ya kongwa la utumwa. Watafsiri wa Union Version, Biblia ya Kiswahili, walilitumia neno hilo mahali pote pawili, na katika nchi ambako misafara ya watumwa ilipita na makongwa shingoni, halihitaji kufafanuliwa.

Waraka wa Pili wa Petro unakwenda mbali zaidi: unamwita Paulo ndugu mpenzi, unakiri kwamba nyaraka zake zina mambo magumu kuelewa, na unaziweka pamoja na Maandiko mengine. Eusebio aliuhesabu waraka huo miongoni mwa vitabu vilivyobishaniwa, na wataalamu wengi leo wanaona kwamba uliandikwa baada ya kifo cha Petro. Wakiwa sahihi, hatuwezi kuutumia kama ushahidi wa maneno ya Petro mwenyewe. Unashuhudia tu jinsi waliolibeba jina lake walivyotaka amtazame Paulo. Kwa hiyo siujengei hoja kubwa.

Kwangu ushahidi wenye uzito zaidi umo katika salamu za Waraka wa Kwanza wa Petro, ambao nao una wanaoutilia shaka. Waraka huo umeelekezwa kwa waamini wa majimbo matano, na Galatia ni mojawapo. Sura ya tano inamtaja Silwano, ambaye kwa mkono wake waraka uliandikwa, na Marko, anayeitwa mwana. Silwano, ambaye Matendo yanamwita Sila, ndiye Paulo aliyemchukua alipoachana na Barnaba. Marko ndiye Barnaba aliyeondoka naye kwenda Kipro. Watu wa pande mbili za mtengano ule wanatajwa pamoja, katika mistari miwili inayofuatana, kando ya Petro, na waraka huo unakwenda hadi Galatia, jina lile lile lililo juu ya waraka ambamo Petro alikuwa amekemewa.