Paa halikatiwi utepe

Kuna ukumbi wa mihadhara ambao nimefundishia miaka 11, na kwa miaka 9 kati ya hiyo palikuwa na ndoo ya bluu kwenye safu ya nne, upande wa kushoto. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliikuta hapo, na walipohitimu waliiacha hapo. Mvua ikianza, tone linadunda kwenye plastiki tupu, taratibu. Ndoo ikishapata maji mlio unabadilika, na aliyekaa karibu anajua bila kutazama saa kwamba tumefika katikati ya kipindi. Viti vitatu vya jirani vilikuwa vimevimba mbao. Hapakaliwi hapo hata siku za jua.

Ndani ya miaka hiyo 9 chuo hichohicho kilijenga jengo la utawala la ghorofa sita, lango jipya na ukumbi wa wageni. Nilihudhuria uzinduzi wa yote matatu. Nilipiga makofi kwa moyo mweupe, kwa sababu jengo jipya ni jambo la heri na wapo waliohangaika usiku na mchana kulifikisha pale. Ila kila mkasi ulipokata utepe, mimi nilikuwa naiona ile ndoo.

Vyuo vikuu vinapanga miradi ya majengo kwa kufuata kinachoweza kuzinduliwa, wakati vilipaswa kufuata kinachouma. Paa halikatiwi utepe. Bomba la maji taka likibadilishwa haliwekewi jiwe la msingi. Na hili halihitaji mtu mbaya ili litokee. Linatokea kwa sababu ya jinsi fedha zinavyotengwa.

Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote tangu utotoni. Lisilosemwa ndani yake ni kwamba ufa na ukuta hulipiwa na mafungu mawili tofauti. Ukuta una fungu la maendeleo: una mfadhili, ruzuku au mkopo, una mchoro wa rangi unaobandikwa ukumbini. Ufa uko kwenye matumizi ya kawaida, kapu moja na karatasi, umeme na wino wa printa, na mwaka ukibana, cha kwanza kukatwa ni matengenezo, kwa sababu jengo halilalamiki mwaka huo. Linalalamika miaka mitano baadaye, chini ya uongozi mwingine.

Mwaka 1990 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti kuhusu majengo ya umma na kupendekeza kwamba kila mwaka itengwe asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kulijenga jengo upya, kwa ajili ya matengenezo na marekebisho tu. Ukipiga hesabu, ina maana kwamba ndani ya miaka 25 hadi 50 jengo hulipiwa mara ya pili. Nimekaa kwenye kamati ya majengo vipindi viwili na sijaona mradi hata mmoja ukiletwa mezani huku hesabu hiyo ikiwa imeandikwa pembeni. Tunaulizwa jengo litagharimu kiasi gani. Hatuulizwi litakula kiasi gani.

Turudi kwenye ndoo. Hatimaye fundi wetu wa matengenezo alipanda juu, nami nikapanda ngazi nyuma yake hadi ukingoni mwa paa, kwa sababu nilitaka kuona. Bati lilikuwa zima. Tatizo lilikuwa gata, mfereji wa kupokea maji ya paa: majani ya miaka yote yalikuwa yamejikusanya na kugeuka udongo mweusi, na ndani ya udongo huo ulikuwa umeota mti mdogo wenye urefu wa mkono wangu. Maji yalikosa pa kwenda, yakarudi nyuma, yakapita chini ya ukingo wa bati, yakatambaa juu ya boriti na kudondoka mita nne mbali na pale yalipoingilia. Alizoa, akabadilisha kipande cha gata, akaziba kiungo cha bati na ukuta. Siku mbili. Kilichochukua miezi minne ni vyote vilivyokuwa vimeoza chini yake: dari, boriti mbili, nyaya za taa, na lipu ya ukuta mzima iliyokuwa ikidondoka kama magamba. Ukumbi ukafungwa muhula mzima, na wanafunzi 300 wakahamishiwa kwenye hema.

Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba ukarabati ni kazi ya daraja la pili, ya kufanywa fedha za ujenzi zikibaki.

Kuna kisa kimoja ambacho kila anayepanga majengo ya chuo angefaa kukijua. Mwaka 1943, vita vikiendelea, Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, ilijenga haraka jengo la mbao la ghorofa tatu kwa ajili ya utafiti wa rada. Liliitwa tu Jengo la 20, na lilikusudiwa kubomolewa vita vikiisha. Lilidumu hadi 1998. Lilikuwa na joto wakati wa kiangazi na baridi wakati wa kipupwe, na hakuna aliyelisifia sura. Lakini watafiti walilipenda kwa sababu moja: walikuwa huru kulirekebisha. Waliotaka kupitisha nyaya walitoboa ukuta. Mwanafizikia Jerrold Zacharias alipohitaji nafasi ya mtambo mrefu wa saa ya atomu, sakafu zilizokuwa juu yake ziliondolewa. Isimu ya Noam Chomsky na Morris Halle ilikulia kwenye vyumba hivyohivyo.

Mahali pake pakajengwa Stata Center, lililobuniwa na Frank Gehry na kufunguliwa mwaka 2004, jengo la kuta zinazoinama ambalo watu husafiri kwenda kulipiga picha. Mwaka 2007 MIT ilifungua kesi dhidi ya ofisi ya msanifu na mkandarasi, ikidai jengo linavuja, lina ukungu na mifereji yake ya maji ina kasoro. Shauri likamalizwa kwa maelewano. Sisemi kwamba majengo mazuri ni dhambi, wala kwamba tufundishie kwenye vibanda vya mbao. Kinachonigusa ni kwamba jengo lililowafaa watu wa kazi liliwaruhusu kugusa ukuta wake. Mengi tunayojenga sasa hayaruhusu hata msumari. Mtafiti akiongeza mashine moja, inabidi aandike barua tatu kuomba soketi, na jibu likija mradi wake umeshaisha.

Na wanaoijua kazi hawaulizwi. Kwa kawaida mshauri elekezi hukutana na uongozi, mchoro unapita, mkadiriaji majenzi anafunga hesabu, zabuni inatangazwa, na ndipo idara inapoitwa ili "ijulishwe". Wakati huo kuhamisha mlango tu ni mabadiliko ya mkataba.

Nimeona ukumbi wa zamani uliokuwa na sakafu ya mbao na kuta za kunyonya sauti ukikarabatiwa kwa vigae vinavyong'aa kuanzia chini hadi nusu ya ukuta. Ulipendeza sana kwenye picha. Mhadhara wa kwanza, neno langu lilikuwa bado linazunguka juu ya vichwa vya watu wakati neno la pili limeshatoka. Chumba cha kufundishia cha ukubwa wa kawaida kinatakiwa sauti izime ndani ya sekunde 0.6 hivi; pale ulikuwa unahesabu moja, mbili. Waliokaa nyuma walikuwa wanaona midomo tu. Mhudumu wa usafi angewaambia mapema kwamba vigae vile vikiloa vinateleza, na mwalimu yeyote angewaambia kuhusu mwangwi.

Nimeona pia njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu iliyojengwa kando ya ngazi tatu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kupanda inahitaji 12 za kwenda mbele, kwa hiyo njia ile ilihitaji mita 5.4. Iliyojengwa ilikuwa na mita mbili. Kwenye ripoti iliandikwa imekamilika. Mwanafunzi aliyekuwa akiihitaji alikuwa anasukumwa na wenzake wawili, mmoja nyuma, mwingine akivuta kwa mbele, kila asubuhi, mbele ya watu wote. Aliniambia kero yake kubwa haikuwa kuanguka. Kero ilikuwa kwamba hakuweza kuchelewa wala kuwahi peke yake. Mkutano mmoja wa nusu saa naye kabla ya kumwaga zege ungetosha.

Maktaba ni hadithi nyingine. Vitabu ni vizito kuliko watu wanavyodhani: sakafu ya chumba cha rafu za vitabu kwa viwango vya Marekani hubuniwa kubeba mara tatu ya mzigo wa sakafu ya ofisi. Kwa hiyo anayesema "tuhamishie vitabu ghorofa ya juu kwa muda wakati tunakarabati chini" anasema jambo la hatari kama hajamwita mhandisi. Nimelisikia likisemwa kikaoni na watu wenye shahada nyingi.

Kisha kuna kukarabati chuo kikiwa kinaendelea na masomo. Hapa nina huruma na wakandarasi, kwa sababu wanapewa eneo la kazi ambalo lina watu 5,000 wanaopita. Ratiba ya zege na ratiba ya mitihani hazijuani. Zege linahesabiwa kufikia nguvu yake kwa siku 28 na halitasubiri kikao cha seneti. Msumeno wa kukatia chuma ukianza kulia saa tatu asubuhi nje ya chumba cha mtihani, hakuna barua ya samahani itakayomrudishia mwanafunzi lile swali la nne. Kelele zote za kuvunja zipangwe likizo, na kama mkataba unachelewa hadi likizo inapita, zisubiri likizo nyingine. Najua kusubiri kunagharimu. Mtihani uliovurugika unagharimu pia, ila gharama yake haiandikwi popote.

Vumbi nalo. Majengo mengi ya katikati ya karne iliyopita yana asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kuzuia moto na joto, kwenye dari, kwenye vigae vya sakafu, kwenye sufi ya kuzungushia mabomba. Ikiachwa ilivyo, haijachakaa, hatari yake ni ndogo. Ikitobolewa kwa drili, nyuzi zake huelea hewani na kuingia mapafuni, na ugonjwa hujitokeza miongo kadhaa baadaye. Kukagua kabla ya kuvunja ni jambo la lazima. Fundi kijana anayepasua dari bila barakoa hawezi kujua alichopumua, na anayempeleka pale anapaswa kujua.

Moto ni wa kuogopa zaidi. Jengo maarufu la Mackintosh la Shule ya Sanaa ya Glasgow, Uskoti, lililokamilika mwaka 1909, liliungua Mei 2014 wakati mfumo mpya wa kuzima moto ukiwa haujakamilika kufungwa. Wakaanza kulirejesha kwa uangalifu mkubwa, mbao kwa mbao. Juni 2018, kazi ikiwa imefika mbali, likaungua tena, safari hii vibaya kuliko mwanzo. Jengo lililo katikati ya ukarabati ni jengo lisilo na kinga zake: milango imetolewa, dari ziko wazi, kuna nyaya za muda na makopo ya rangi. Ni hapo hasa linapohitaji mlinzi wa usiku, na ni hapo hasa mlinzi hupunguzwa, kwa kuwa "hakuna kitu ndani".

Wakati mwingine ukarabati hutoa zawadi. Chuo Kikuu cha Virginia, kilipokuwa kikikarabati Rotunda, jengo alilolibuni Thomas Jefferson, kilitangaza mwaka 2015 kwamba ukutani kumepatikana jiko la majaribio ya kemia la miaka ya 1820 lililokuwa limefunikwa. Ni habari ya kufurahisha, na nimeitumia darasani. Lakini ina upande wa pili: ukuta ulikuwa na kitu na hakuna aliyekuwa akikumbuka. Kwenye majengo yetu ya kawaida kitu hicho huwa ni bomba lenye presha au waya wenye umeme.

Kwa sababu hiyo, mradi unapokabidhiwa, mimi siku hizi sitazami rangi. Naomba michoro ya jengo kama lilivyojengwa kweli, yenye kila bomba mahali lilipopita, siyo pale lilipopangwa kupita. Naomba pia nijue kipindi cha matazamio kinaisha tarehe ngapi, maana kasoro ikionekana kabla ya tarehe hiyo ni ya mkandarasi, na ikionekana kesho yake ni yetu. Mara mbili nimeambiwa michoro "iko njiani".

Fundi yule aliyesafisha gata ana daftari. Ni daftari la mistari, jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi, na ndani yake amechora kwa kalamu ya risasi kila valvu ya chuo kizima, kila swichi kubwa, kila mahali bomba linapokata kona isiyotarajiwa, tangu alipoajiriwa. Maktaba ikifurika usiku, anapigiwa simu yeye, naye anajibu akiwa kitandani: geuza ile iliyo nyuma ya ngazi, siyo ile nyekundu. Anastaafu mwezi wa sita. Nilimwomba daftari, akasita, kisha akasema atakaa nami tulinakili pamoja kwa sababu kuna vitu vimeandikwa kwa namna anayoielewa yeye peke yake. Tunakutana kila Jumatano jioni. Tumemaliza maabara zote na jengo la ndoo, na wiki ijayo tunaanza mabweni.