Fundi wa dawati la msaada aruhusiwe kuunda folda za watumiaji?

Mfanyakazi mpya ameripoti kazini. Fundi wa dawati la msaada anamfungulia akaunti kwenye Active Directory, mfumo wa Windows wa kusimamia akaunti za ofisi, anaandika njia ya folda yake, \\seva\nyumbani$\%username%, anahifadhi, na papo hapo dirisha linamwambia folda haikuundwa kwa kuwa hana ruhusa. Akaunti ipo, folda haipo, na msimamizi wa seva yuko kikaoni hadi adhuhuri.

Wanaotaka mafundi wapewe ruhusa hiyo wana hoja nzito. Dirisha lile huunda folda kwa mamlaka ya aliyelifungua, si ya seva, kwa hiyo fundi hawezi kumaliza kazi aliyokabidhiwa. Akinyimwa kwa muda mrefu, kuna siku msimamizi atachoka kupigiwa simu, amtie kwenye kundi la Administrators, lenye mamlaka yote juu ya seva nzima. Hakuna suluhisho baya kuliko hilo.

Ruhusa inayohitajika ni ndogo sana. Iwekwe kwa amri ya icacls kwenye folda mama pekee, yaani ile inayobeba folda za watumiaji wote, isirithiwe na zilizo chini yake:

icacls D:\Nyumbani /grant "OFISI\Mafundi:(RD,AD,RA,REA,X,RC,S)"

Hapo AD ndiyo inayoruhusu kuunda folda ndogo. Ukiongeza (OI)(CI), alama za kurithisha ruhusa kwa faili na folda za chini, kwa mazoea, umewafungulia mafundi folda zote zitakazorithi. Angalia pia ruhusa za kushiriki kupitia mtandao. Zikiishia kwenye kiwango cha Change (kusoma na kuandika, bila kubadilisha ruhusa), folda itaundwa, lakini fundi atakataliwa anapotaka kumwongeza mtumiaji kwenye orodha ya ruhusa, ingawa yeye ndiye aliyeiunda.

Wanaopinga wanashika jambo ambalo wengi hulipita: umiliki. Katika Windows, anayeunda folda huwa mmiliki wake, na mmiliki anaweza kubadilisha orodha ya ruhusa hata kama jina lake halimo. Leo fundi anajiondoa, kesho anajirudisha na kusoma barua za likizo ya ugonjwa. Folda mama ikiwa na CREATOR OWNER, jina linalosimama badala ya yeyote atakayeunda folda ndani yake, yenye udhibiti kamili, hata hana haja ya kujirudisha, kwa sababu anaachiwa mlango wazi tangu siku ya kwanza. Wala hawezi kumkabidhi mtumiaji umiliki huo, maana kumpa mtu mwingine umiliki kunahitaji haki ya kurejesha faili, ambayo fundi wa kawaida hana. Na pale ambapo sera inahamishia Documents, folda ya nyaraka za mtumiaji, kwenye seva kwa sharti kwamba mtumiaji awe na haki za pekee, uhamisho hugoma Windows ikikuta mmiliki ni mtu mwingine.

Tangu Windows Server 2008 kuna OWNER RIGHTS, jina maalumu linalowekwa kwenye orodha ya ruhusa ili kupunguza nguvu za mmiliki. Lakini ikirithishwa kwa folda mpya ikiwa na ruhusa ya kusoma tu, fundi aliyekwisha kuiunda hawezi tena kumwongeza mtumiaji. Kufuli linalomzuia asichungulie ndilo linalomzuia kutoa ufunguo.

Kwa hiyo naona mafundi wapewe kazi, si ruhusa. Skripti ya PowerShell (lugha ya amri ya Windows) iendeshwe kwenye seva kila baada ya dakika 15 kwa akaunti ya huduma, isiyo ya mtu yeyote: isome watumiaji wapya, iunde folda, iweke ruhusa, ikabidhi umiliki, iandike kumbukumbu. Fundi ajaze njia tu. Gharama yake ni kwamba skripti ikisimama kimyakimya, hakuna anayejua mpaka mtumiaji alalamike kuwa hifadhi H:, yaani folda yake ya kwenye seva, haionekani, kwa hiyo kumbukumbu hiyo lazima mafundi waweze kuisoma. Ofisi ya watu 20 haihitaji haya yote. Msimamizi aziunde mwenyewe.

Kama mafundi wako walikwisha kupewa ruhusa, anza na dir /q D:\Nyumbani, inayoonyesha mmiliki wa kila folda. Kila palipo na jina la fundi, msimamizi arekebishe:

icacls D:\Nyumbani\jina /setowner OFISI\jina /t

Kisha aliondoe jina la fundi kwenye orodha ya ruhusa, kwa sababu kubadilisha mmiliki hakuliondoi.