Haikuwa bomu, ilikuwa RAV4 yangu

Kabla hamjaendelea kutumiana ile sauti ya WhatsApp, naomba na mimi nisikilizwe. Huyu chalii wangu (namficha jina kwa sababu mama yake ananifuata humu) ameshaizungusha Sakina nzima, hapa Arusha, kwamba nimelipua jumuiya ya sala. Sijalipua jumuiya. Jumuiya ni wazima, wamehesabiwa, na mandazi waliyala.

Mambo yalianza na tone. RAV4 yangu, ile ya zamani yenye injini ya 3S, kila asubuhi naikuta imeacha kidimbwi chini ya tairi la mbele kulia. Najaza maji kwenye rejeta, kesho yamepungua. Fundi mmoja wa Unga Limited akachungulia kwa tochi ya simu, akasema wota pampu imechoka, inavujia kwenye kile kitundu chake. Na kwa kuwa kwenye injini hiyo pampu inazungushwa na taimingi belti, ule mkanda unaofanya krenki na valvu ziende pamoja, lazima ufungue mpaka ndani, na ukishafika huko badilisha vyote viwili, hakuna haja ya kufungua mara mbili. Mkanda wenyewe ni wa kilomita laki moja. Wangu una kistika cha Kijapani kwenye kava ambacho sijawahi kujua kinasema nini.

Ufundi elfu tisini.

Elfu tisini! Mimi niliyebadilisha plagi kwa mikono hii hii? Nikanunua spea, nikapakua video mbili YouTube, moja ya Mrusi, na Ijumaa jioni nikaingia kazini.

Usiku wote sitausimulia. Bolti ya puli ya krenki ilitugomea mpaka tukachomeka kipande cha bomba kwenye mkono wa spana na chalii akakalia kwa makalio. Pampu ilipoachia, maji yote yaliyokuwa yamebaki ndani ya injini yalinishukia usoni, mdomo wazi, maana ndiyo kwanza nilikuwa namgombeza chalii amulike wapi. Kwa faida yenu: kulanti, ile dawa ya kupoza injini, ni tamu. Pia ni sumu. Nilitema mpaka mate yakaisha.

Sasa hapa ndipo penyewe. Yule Mrusi, kabla ya kutoa mkanda, aliweka alama za rangi nyeupe kwenye puli ili wakati wa kurudisha kila kitu kikae palepale. Mimi rangi nyeupe sina. Nikachukua rangi ya kucha ya mama Neema, nyekundu, nikaweka nukta kwenye puli ya juu, nukta kwenye ya krenki, na nukta kwenye injini kuelekeana nazo. Nikajipiga picha. Nikatoa mkanda, nikaingia ndani kula.

Neema ana miaka mitano na ile rangi anakatazwa kila siku ya Mungu. Baba yake kaiacha wazi juu ya tairi. Niliporudi, puli ya juu ilikuwa na nukta nyekundu kwenye kila jino. Kila jino! Na zimepangika, mkono wa mtoto umetulia kuliko wangu. Tena kuna jambo chalii halisemi kwenye sauti yake: nikiwa nakula, yeye alikuwa anaizungusha ile puli kwa spana "aone inavyokwenda."

Nikakadiria.

Ndiyo. Nilikadiria taimingi ya injini, kama mtu anayeweka chumvi kwenye maharage. Mrusi alisema ukimaliza kufunga, zungusha krenki kwa mkono raundi mbili, uangalie alama kama zimerudi. Nilizungusha moja na nusu, kukapambazuka.

Na nilikuwa na haraka. Mama mkwe alikuwa amekuja tangu Alhamisi kutoka Karatu, nimemwahidi kumpeleka Marangu kwenye kipaimara cha mjukuu wake, tuondoke saa mbili. Wakati huohuo jumuiya ya Jumamosi ilikuwa zamu ya mwenye nyumba wetu, na uwanja ni mmoja. Viti vya plastiki vikapangwa mpaka karibu na boneti. Mama mkwe, kwa kuwa ni mgeni, akapewa kile pekee chenye mto. Mgongo kwangu.

Nilisubiri wamalize, jamani, mimi si mpagani. Nikasikia Amina. Nikasikia Amina nyingine. Nikageuza ufunguo.

Kumbe walikuwa wameingia kwenye marehemu.

Mwenyekiti akasema, "Raha ya milele uwape, ee Bwana." Injini ikasema kwe, kwe, kwe, kwe. Halafu ikanyamaza kidogo, vile mtu anavyovuta pumzi kabla ya chafya. Kwenye ule ukimya niliona vitu vingi. Nilimwona mama mkwe akiinua mkono kuweka vizuri kitenge begani. Niliona hozi ya hewa imelala chini, sijairudisha. Nilimwona chalii akipiga hatua mbili nyuma, na bado nashangaa alijuaje.

PAAA!

Moto ukatoka pale hozi ilipotakiwa kuwa, wa bluu, urefu wa mkono. Mlio ukaenda ukagonga bati la jirani ukarudi. Mbwa wote mpaka Ngaramtoni wakaanza. Miguu ya kile kiti ikaanza kuachana taratibu, kama ndama aliyezaliwa sasa hivi, na mama mkwe akashuka nacho, rozari juu. Na bibi mmoja wa nyuma, asiyesikia vizuri, akaitikia peke yake:

"Na mwanga wa milele uwaangazie."

Mama mkwe hakupiga kelele. Alikaa palepale chini, akageuza shingo, akanitazama kupitia kioo cha mbele.

"Baba Neema. Umemaliza?"

Mengine ni mafupi. Mama alikwenda Marangu na Coaster. Fundi yuleyule akaja saa tisa, akaangalia nukta za Neema kwa muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akanionyesha kitundu kwenye puli na mkato nyuma yake. "Hii ndiyo alama, bosi. Wajapani waliiweka kiwandani." Kile kitundu nilikuwa nimekifuta kwa kitambaa mara tatu. Akasema nishukuru ni 3S, maana kuna injini ambazo valvu zingekuwa zimeshagonga pistoni na tungekuwa tunaongea lugha nyingine. Laki moja na ishirini. Elfu thelathini ya juu ni ya kusafisha rangi ya kucha.

Gari linawaka, halivuji. Jumamosi ijayo jumuiya ni kwetu. Mwenyekiti alinipigia jana, kwa upole sana, kuulizia nitakuwa nimelipaki wapi.